Maumivu Sugu: Je, Mkristo Anaweza Kutumia Yoga, Tafakari na Lishe Bora?



Yeyote anayekwenda kutembelea wagonjwa pamoja na jumuiya ndogondogo anajua kwamba wengi tunaowakuta hawana ugonjwa unaoonekana kwa macho. Hawana kidonda, hawana homa, hawajavunjika mfupa. Wana mgongo. Wana magoti. Wana kichwa kinachouma nusu ya siku za mwezi. Wamepimwa, wamepigwa picha, wameambiwa kwamba hakuna tatizo kubwa, wakarudi nyumbani na vidonge. Majirani wamechoka kuwasikia. Wengine wameacha kuja Misa ya Dominika, na si kwa sababu imani imepoa. Benchi lisilo na egemeo kwa muda wa saa mbili ni jambo wasiloliweza.

Watu hao ndio wanaotuuliza maswali mawili ambayo tumeona vema tuyajibu hapa, kadiri ya uwezo wa wanafunzi wa falsafa. La kwanza huulizwa waziwazi: mtaalamu wa mazoezi tiba amenishauri nifanye yoga, au binti yangu amenionyesha kwenye simu, je, si dhambi kwa Mkatoliki? La pili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi mlangoni wakati tunaaga: je, nina haki ya kutaka maumivu haya yapungue, au huu ndio msalaba wangu nami napaswa kunyamaza? Tutaanza na hili la pili, maana asiyejibiwa hilo hata mkeka hatautandika. Ila kabla ya yote mawili, tuelewe kwanza maumivu sugu ni kitu gani.

Mbwa anayebweka mwizi akiwa ameshaondoka

Tunaposoma falsafa ya nyakati za kisasa tunakutana na René Descartes. Katika kitabu chake juu ya mwanadamu, kilichochapishwa baada ya kifo chake, alieleza maumivu kwa mfano wa kamba na kengele: moto unaunguza mguu, kamba inavutwa, kengele inalia ubongoni. Mfano huu ni mwepisi, na bado unatawala vichwani mwetu. Ukiufuata, maumivu makubwa lazima yawe na jeraha kubwa, na mahali pasipo na jeraha hapana maumivu. Ndiyo maana mgonjwa ambaye picha yake haionyeshi kitu huanza kuitwa mvivu, au mwigizaji.

Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walichapisha katika jarida la Science nadharia iliyotikisa mfano huo. Walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama lango. Ujumbe unaotoka mwilini unaweza kupitishwa, kupunguzwa au kuzuiwa, na ubongo wenyewe hutuma amri kutoka juu kulifungua au kulifunga lango hilo. Baadhi ya maelezo yao yamesahihishwa baadaye, lakini kiini kimebaki. Hata mtoto anajua jambo hili bila kulisoma: akijigonga ugoko, huusugua, na kusugua kunapunguza uchungu ingawa hakuondoi pigo.

Waganga huyaita maumivu kuwa sugu yanapodumu au kurudiarudia kwa zaidi ya miezi mitatu. Kwa kawaida jeraha la nyama au misuli huwa limepona ndani ya muda huo. Kinachobaki mara nyingi ni mfumo wa fahamu uliojifunza kuwa mwepesi kupita kiasi. Tuchukue mfano wa mbwa wa ulinzi. Mwizi akiruka ukuta, mbwa hubweka, na ni vizuri abweke. Lakini mbwa ambaye nyumba yake imevamiwa mara nyingi hubadilika. Hubweka kwa paka, kwa upepo, hatimaye kwa mwenye nyumba anaporudi kutoka Misa ya asubuhi. Kubweka kwake ni kwa kweli, haigizi. Ila mwizi hayupo. Na mbwa wa namna hiyo hatulizwi kwa fimbo wala kwa kufungiwa siku nzima. Hufundishwa upya, polepole, kwamba uani ni salama.

Mfano huu una mpaka wake, na tuuseme mapema. Yako maumivu ya muda mrefu ambamo mwizi yupo kweli: baridi yabisi inayokula viungo, selimundu, saratani, kifua kikuu cha uti wa mgongo. Hao wanahitaji tiba ya ugonjwa wenyewe, na mazoezi huja pembeni yake. Lakini kwa mgongo wa kawaida, ambao Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 uliwasumbua watu milioni 619, wagonjwa walio wengi hawakutwi na chanzo kimoja kinachoweza kuoneshwa kwa kidole.

Hata picha zinaweza kutupotosha. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za migongo ya watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Katika wale wa umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa tayari na diski zilizoanza kuchakaa. Katika wale wa miaka 80, asilimia 96. Kwa hiyo mzee anayeambiwa "pingili zako zimelika" ameambiwa jambo la kweli kuhusu umri wake, na huenda hajaambiwa lolote kuhusu maumivu yake. Tumeona watu walioacha kuinama, kulima, hata kubeba wajukuu kwa sababu ya sentensi hiyo moja. Hofu ikaingia, misuli ikalegea, mgongo ukauma zaidi.

Hapa mwanafunzi wa Mtakatifu Thoma wa Akwino hashangai sana. Tumefundishwa kwamba mwanadamu ni kitu kimoja, mwili na roho, si rubani aliyekaa ndani ya mashine. Kwa hiyo hofu, usingizi mbovu, madeni na upweke vinaweza kuongeza sauti ya maumivu, na kusema hivyo si kusema kwamba maumivu ni ya kubuni. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, kiliporekebisha maana ya neno hilo mwaka 2020, kiliandika pia kwamba mtu anaposema anaumwa aheshimiwe. Tungependa jambo hilo lifike kwa kila anayetembelea wagonjwa.

Msalaba na kidonge

Sasa swali la mlangoni. Tunasoma katika Injili ya Marko 15:23 kwamba Bwana alipewa divai iliyochanganywa na manemane, naye hakuipokea. Wapo wanaojenga juu ya aya hiyo sheria kwamba Mkristo wa kweli hatafuti nafuu. Lakini hiyo si sheria ya Kanisa. Tarehe 24 Februari 1957 Papa Pio XII aliwajibu madaktari wa usingizi waliomletea maswali kuhusu jambo hilohilo. Alifundisha kwamba Mkristo halazimiki kuyataka maumivu kwa ajili ya maumivu yenyewe, na kwamba anaweza kwa dhamiri safi kutumia njia zinazoyapunguza. Anayechagua kwa hiari kuvumilia baadhi ya maumivu kwa upendo anafanya jambo jema, lakini ni hiari yake. Uchaguzi huo hauwezi kufanywa na jirani, wala na mkwe, wala na sisi mafrateri wenye miaka 25 na magoti mazima.

Mtakatifu Yohane Paulo II, ambaye aliujua mwili unaouma, aliandika barua yake ya kitume Salvifici Doloris mwaka 1984 juu ya maana ya Kikristo ya mateso. Watu huikumbuka kwa mafundisho yake juu ya kuungana na Kristo mteswa. Wanasahau kwamba barua hiyo inafikia kilele chake kwa Msamaria Mwema, yaani kwa mtu aliyeshuka kwenye punda akamimina mafuta na divai kwenye majeraha. Msamaria hakumweleza yule majeruhi faida za kiroho za kupigwa na wanyang'anyi.

Na Mtakatifu Thoma mwenyewe? Katika sehemu ya pili ya Summa Theologiae, swali la 38, anauliza ni nini kinachotuliza huzuni na maumivu. Anataja dawa tano: furaha, machozi, huruma ya marafiki, kuutafakari ukweli, na ya tano inayowashangaza wanafunzi wapya, kulala na kuoga. Sababu anayoitoa kwa hiyo ya tano ni nyepesi kabisa: vitu hivyo huurudisha mwili katika hali yake ipasayo, na mwili ukirudi katika hali hiyo huzuni hupungua. Mwalimu mkuu wa Kanisa hakuona aibu kumwandikia mtu mwenye uchungu maji ya moto na usingizi. Tukimfuata yeye, kuzungumza juu ya mkeka, pumzi na sahani ya mboga si kutoka nje ya taalimungu.

Yoga: mazoezi au ibada?

Tuwe wakweli. Yoga haikuzaliwa katika ukumbi wa mazoezi. Ni njia ya kiroho ya India, na katika maandishi yake ya kale yanayohusishwa na Patanjali, mikao ya mwili ni sehemu moja tu kati ya sehemu nane. Yoga ya leo inayoonekana kwenye simu, yenye mikao mingi ya kunyoosha mwili, ilikua hasa katika karne ya 20. Kwa hiyo anayesema "yoga ni mazoezi tu" anafupisha, na anayesema "kila anayeinama hivi anaabudu miungu" anafupisha pia.

Idara ya Mafundisho ya Imani, chini ya Kardinali Joseph Ratzinger, iliandika barua kwa maaskofu tarehe 15 Oktoba 1989 kuhusu tafakari ya Kikristo, iitwayo Orationis formas. Barua hiyo inataja yoga miongoni mwa njia za Mashariki. Haisemi zote zitupwe. Yaliyo na manufaa yanaweza kupokelewa ilimradi maana ya Kikristo ya sala isipotee. Ila inatoa onyo ambalo linatuhusu moja kwa moja. Mazoezi fulani ya mwili huleta yenyewe utulivu na hisia nzuri, na ni kosa kudhani kwamba hisia hizo ni faraja za Roho Mtakatifu. Kwa maneno yetu: mgongo uliolegea ni mgongo uliolegea. Mshukuru Mungu kwa ajili yake, kama unavyomshukuru kwa chakula, lakini usiuite muujiza wala hatua ya utakatifu.

Je, yoga inasaidia? Inasaidia kiasi. Mwaka 2017 jarida la Annals of Internal Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika Boston, Marekani, kwa watu 320 wenye maumivu sugu ya mgongo, wengi wao wa kipato cha chini. Waliofanya yoga kwa majuma 12 hawakuachwa nyuma na waliokwenda kwa wataalamu wa mazoezi tiba. Mwaka huohuo Chuo cha Madaktari cha Marekani kiliitaja yoga miongoni mwa njia za kujaribu kwanza, kabla ya dawa. Lakini uchambuzi wa Cochrane uliosasishwa mwaka 2022, ulioweka pamoja tafiti 21, ulikuta kwamba nafuu ni ndogo, na kwamba yoga ikilinganishwa na mazoezi mengine ya mgongo tofauti ni kidogo au haipo kabisa.

Tunaomba msomaji asimame kidogo hapo, maana swali la kwanza limejibiwa na matokeo hayo kuliko na hoja zetu. Kama yoga haizidi mazoezi mengine, hakuna Mkristo anayelazimika kuchagua kati ya dhamiri yake na mgongo wake. Anayeona amani anyooshe mwili, aache nyimbo na maneno ya ibada asiyoyaamini, aache pia mfululizo wa mikao uliokusudiwa kuwa salamu kwa jua kama unamkwaza, na asimfuate mwalimu anayeuza imani pamoja na mkeka. Anayesumbuliwa na dhamiri atembee, aogelee, afanye mazoezi aliyofundishwa hospitalini, hajapoteza kitu. Mtume Paulo aliwapa Wakorintho kanuni kama hiyo kuhusu nyama iliyotolewa kwa sanamu: sanamu si kitu, lakini dhamiri ya ndugu ni kitu. Kwa hiyo pia tusiendeshe mazoezi ya yoga katika ukumbi wa parokia huku nusu ya akina mama wakiona ni kashfa. Yaitwe mazoezi ya viungo, yawe mazoezi ya viungo kweli, na yatatosha.

Mazoezi yenyewe hayahitaji chumba cha kifahari. Mkeka au blanketi linatosha. Weka mikono na magoti chini kama mtoto anayetambaa. Ukivuta pumzi acha mgongo ubonyee taratibu, ukitoa pumzi uinue kama paka aliyeamshwa. Rudia mara nane au kumi. Kisha kaa juu ya visigino, nyoosha mikono mbele na kuteremsha paji la uso kuelekea sakafuni. Wenye magoti mabovu waweke mto kati ya mapaja na visigino, au waliache zoezi hili. Halafu lala chali, kunja magoti, nyayo ziwe chini, inua kiuno polepole na kukirudisha. Mwisho vuta goti moja kifuani, kisha lingine. Usibane pumzi hata mara moja. Kukaza kwa misuli na usumbufu kidogo ni kawaida. Maumivu makali yanayoshuka mguuni kama umeme ni ishara ya kuacha na kumuona mtaalamu.

Kosa la wengi liko kwenye kipimo. Siku ya nafuu wanafua nguo za juma zima, kesho yake hawaamki. Mkamia maji hayanywi. Ni afadhali dakika tano kila siku kwa majuma mawili, kisha saba, kisha kumi, na kipimo hicho kisiongezwe siku ya nafuu wala kuachwa siku mbaya, isipokuwa kupunguzwa kidogo. Mbwa wetu hufundishwa kwa mazoea. Tendo la kishujaa la siku moja humtia hofu tu.

Kabla ya kutandika mkeka, kuna dalili zisizongoja mazoezi. Mtu mwenye maumivu ya mgongo aende hospitali haraka ikiwa ameshindwa kuzuia au kutoa haja, amepata ganzi sehemu za siri au mapajani kwa ndani, miguu inaishiwa nguvu, ana homa, anakonda bila sababu, anatoka jasho usiku, amewahi kuugua saratani, au maumivu yalianza baada ya kuanguka au ajali.

Pumzi, akili na Rozari

Neno tafakari lina maana mbili katika makala hii, nasi hatutaki zichanganyike. Kwetu Wakatoliki, kutafakari ni kukaa na Neno la Mungu. Katika hospitali za siku hizi neno hilo lina maana ya kufunza umakini. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha katika chuo kikuu cha tiba cha Massachusetts, Marekani, kozi kwa wagonjwa ambao madaktari walikuwa wameshindwa kuwapa nafuu. Chanzo chake kilikuwa mazoea ya Kibudha, lakini kozi yenyewe haifundishi dini.

Wazo lake ni kwamba maumivu huja na msemaji wake. Goti linauma, hilo ni jambo la kwanza. Kisha ndani yetu sauti inasema: nitakuwa kiwete, nitawalemea watoto, Mungu amenisahau. Hilo ni la pili, na mara nyingi ndilo zito zaidi. Mgonjwa hufundishwa kulala au kuketi kwa utulivu, kufuata pumzi yake, kisha kupitisha umakini wake kutoka vidole vya miguu hadi kichwani. Akifika mahali panapouma hakimbii wala hapigani. Anatazama tu: panachoma au panavuta? Panakaa palepale au panahama? Akili ikitoroka, na itatoroka, airudishe bila kujikemea. Mwaka 2016 utafiti wa watu wazima 342 wenye maumivu sugu ya mgongo katika jimbo la Washington ulionesha kwamba baada ya miezi sita asilimia 60 ya waliofuata kozi hiyo walikuwa wamepata nafuu ya maana katika kufanya shughuli zao, dhidi ya asilimia 44 ya waliobaki na matibabu ya kawaida tu. Kumbe msaada upo, na kumbe wengi hawakusaidika. Takwimu zisomwe pande zote mbili.

Mkatoliki anayesikia haya huenda akajiuliza kama sisi hatukuwa na kitu. Tulikuwa nacho. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, ambaye mguu wake ulivunjwa na risasi ya mzinga huko Pamplona mwaka 1521 akabaki akichechemea, aliweka katika Mazoezi ya Kiroho namna ya tatu ya kusali: kwa kila pumzi neno moja la Baba Yetu, na kati ya pumzi na pumzi kukaa na maana ya neno hilo au na yule anayesemeshwa. Mama mwenye mgongo unaouma usiku wa manane anaweza kufanya hivyo bila kuwasha taa.

Na Rozari. Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake walichapisha katika jarida la BMJ utafiti mdogo wa watu wazima 23 wenye afya. Waliposali Salamu Maria kwa Kilatini, na pia walipotamka maneno ya sala ya yoga, pumzi zao zilishuka hadi takriban sita kwa dakika, kasi iliyoupa moyo na mishipa ya damu mwendo tulivu. Utafiti huo haukupima maumivu, tusiuongezee chumvi. Lakini unatuambia jambo kuhusu Rozari inayosaliwa kama gari lililokatika breki. Ukipenda ikutulize na mwili, sali nusu ya kwanza ya Salamu Maria kwa pumzi moja ya kutoka, vuta pumzi, sali nusu ya pili. Tena tukumbuke onyo la mwaka 1989: utulivu ni zawadi ya mwili, sala ni mazungumzo na Mungu, na siku ambayo mgongo haukutulia, sala ile haikupotea.

Chakula, usingizi na vidonge

Nabii Eliya alipochoka hata akaomba kufa, malaika hakuanza na mahubiri. Katika 1 Wafalme 19 alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha tena ale. Baada ya hapo ndipo safari ya kwenda Horebu.

Hatujui chakula kinachoponya maumivu sugu, na wanaouza unga wa aina hiyo baada ya Misa wanastahili kuulizwa maswali magumu. Chakula hufanya kazi kwa njia za kando. Njia iliyo wazi kuliko zote ni uzito. Utafiti wa mwaka 2005 kwa wazee wanene wenye magoti yaliyochakaa ulionesha kwamba kila kilo moja iliyopungua iliondoa mzigo wa takriban kilo nne kwenye goti katika kila hatua. Mwenye jongo apunguze pombe, nyama nyekundu, maini na soda. Mwenye kipandauso asiruke mlo wala asikae na kiu. Kwa walio wengi, sahani yenye maharage, mchicha au kisamvu, dagaa, dona na tunda ni bora kuliko chipsi na soda, na mara nyingi ni nafuu zaidi. Tangawizi na manjano ni viungo vizuri vya mchuzi. Hatuoni sababu ya kuviongezea cheo.

Wakati wa Kwaresima swali la mfungo huja. Kanuni ya 1252 inawahusu waliotimiza miaka 18 hadi wanapoingia mwaka wa 60, na mgonjwa amesamehewa. Tunalitaja kwa sababu ya vidonge. Diklofenaki na ibuprofeni ni dawa za ukoo mmoja. Zikitumiwa pamoja, au kila siku kwa miezi bila daktari kujua, zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kuharibu figo na kupandisha shinikizo la damu. Kuzimeza na tumbo tupu siku ya kufunga kunaongeza ukali wake tumboni. Tunawafahamu waamini wanaozinunua kama pipi, na hili ndilo linalotuogopesha kuliko yoga yote ya duniani. Kwa upande mwingine, aliyeandikiwa dawa na daktari asiiache ghafla eti kwa kuwa ameanza mazoezi. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatuagiza kumheshimu mganga, na anasema dawa zimeumbwa na Bwana kutoka katika nchi.

Usingizi nao una uzito kuliko tunavyoupa. Usiku mbaya huongeza maumivu ya kesho, na maumivu ya kesho huharibu usiku unaofuata. Kulala na kuamka saa ileile, simu ikiwa mbali na kitanda, na kuoga maji ya uvuguvugu kabla ya kulala: Thoma angetambua mwongozo huo.

Linabaki jambo la kanisani, ambalo viongozi wa parokia na sisi watumikiaji tunaweza kulirekebisha hata Dominika hii. Maelekezo ya jumla ya Misale ya Kirumi, namba 43, yanasema wazi kwamba waamini hupiga magoti wakati wa mageuzo isipokuwa wanapozuiwa na afya, udogo wa nafasi, wingi wa watu au sababu nyingine ya maana. Mwenye mgongo au goti bovu hahitaji kuomba ruhusa wala kujieleza kwa mzee wa kanisa. Aketi mahali anapoweza kusimama na kutembea kidogo bila kutazamwa, karibu na mlango wa pembeni, kwenye kiti chenye egemeo. Asiyepiga magoti huinama kwa heshima kuu padre anapopiga goti baada ya mageuzo. Na kama kuinama nako kunamuumiza, ainame kichwa.